Kichwa Kalenga, mwili Mlambalasi

Baba mkwe wangu anaishi Ipogolo, pale chini barabara inapoanza kupanda kwenda Iringa mjini. Kutoka kwake mpaka Kalenga ni mwendo wa bodaboda, saa nzima haifiki. Watalii wanatoka Ulaya kuja kuliona fuvu la Mtwa Mkwawa, chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, kwenye makumbusho ya pale, wanafunzi wanashushwa pale na mabasi, lakini yeye, Mhehe wa kuzaliwa, hajatia mguu ndani ya makumbusho yale hata siku moja. Nilimuuliza sababu mwaka wa kwanza nilipoolewa, akacheka na kugeuza mazungumzo. Mwaka huu nikamuuliza tena, maana nilikuwa na mtoto wa darasa la sita aliyeniganda na maswali. Safari hii hakucheka.

"Mtu akifa anazikwa, mwanangu," akasema. "Hawekwi kabatini."

Basi tukaenda bila yeye.

Tulisafiri Julai, mimi, mume wangu na mtoto, kwa gari letu dogo ambalo likifika Kitonga huanza kuguna kama mgonjwa wa pumu. Anayetoka Dar kwa barabara anaujua mlima ule: malori yamefuatana kwa gia namba moja, kona juu ya kona, na bonde la mibuyu linabaki chini yako. Ukishatokea juu unaanza kulitafuta sweta. Unapita Ilula na nyanya zake, halafu, kabla hujaingia Iringa, unafika Lugalo.

Kwangu mimi Lugalo ilikuwa hospitali ya jeshi. Nimepita mbele ya kambi ile ya Dar mara nisizoweza kuhesabu, nikienda Tegeta, na sikuwahi kujiuliza jina limetoka wapi. Limetoka hapa, kwenye vichaka na miamba hii, ambako tarehe 17 Agosti 1891 kikosi cha Wajerumani kilikuwa kinapita kwenye njia nyembamba, askari mmoja nyuma ya mwenziwe, mizinga ikiwa bado imefungwa kama mizigo. Wengi wa askari wale walikuwa Wasudani walioandikishwa Misri na vijana walioletwa kutoka Msumbiji, wakiitwa Wazulu. Wahehe walikuwa wamejificha pande zote na mikuki yao. Inasimuliwa kwamba ofisa mmoja alimpiga risasi ndege, na mlio ule ukawa ndiyo ishara. Kazi ilikwisha kwa dakika chache. Walikufa mamia ya askari na Wazungu kumi, akiwemo kamanda wao, Emil von Zelewski, aliyechomwa mkuki akiwa juu ya punda.

Mnara upo, pembeni, hauna makeke. Ulijengwa na Wajerumani kuwakumbuka watu wao. Nikawa nauzunguka nikiwaza kwamba vita walishinda Wahehe, mnara wakajenga Wajerumani.

Halafu mume wangu akataja lile jina la utani. Wenyeji walimwita Zelewski "Nyundo". Hapo nikasimama.

Mimi ni mtoto wa Pangani. Kule kwetu yule mtu tulikuwa naye kabla hajafika Uhehe. Mwaka 1888 alikuwa Pangani kama wakala wa kampuni ya Wajerumani iliyokodishiwa pwani na Sultani wa Unguja. Alitaka bendera ya kampuni ipandishwe, akagombana na liwali, na siku za Idi ya kuchinja akaingia msikitini na mbwa. Waislamu wanaonisoma hawahitaji maelezo zaidi. Watu wa Pangani walimzingira ndani ya nyumba mpaka majeshi ya Sultani yakaja kumtoa, na vurugu ile ndiyo iliyozaa vita tunavyoviita vya Abushiri. Abushiri, aliyeviongoza, alinyongwa Pangani Desemba 1889. Nyundo akapandishwa cheo.

Shuleni nilisoma sura ya Abushiri, nikafunga, nikafungua sura ya Mkwawa kana kwamba ni habari ya nchi nyingine. Hakuna mwalimu aliyeniambia kwamba mtu aliyeingiza mbwa katika msikiti wa kwetu ndiye huyu aliyeangukia hapa miaka mitatu baadaye. Nilisimama pale kama mtu aliyekuta alikoishia mdeni wa babu yake. Mume wangu, ambaye miaka yote ananitania kwamba watu wa pwani vita vyetu ni vya maneno, akanyamaza kidogo. Nikamwambia, "Sisi tulimchosha, nyie mkamalizia." Utani wa kwenye ndoa yetu umepata chakula cha miaka kumi.

Mjini tulipitia Boma, jengo la enzi za Wajerumani ambalo tangu 2016 ni makumbusho ya mkoa, kazi iliyosimamiwa na mradi wa Chuo Kikuu cha Iringa. Ni pazuri na pasafi, unamaliza kwa saa moja. Kilichonishika ni vikapu vya milulu, vile vinavyofumwa na akina mama wa Uhehe, vimekaza kiasi kwamba unatamani kuvimiminia maji ujaribu. Kwetu tunasuka ukindu na miyaa, kwa hiyo mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye ukingo wa kikapu kuangalia wanavyofungia. Nikakemewa kwa heshima. Nje sokoni nikanunua viwili, nikavishika nitakavyo.

Jioni tukapanda Gangilonga, lile jiwe kubwa juu ya mji. Kwa Kihehe maana yake ni jiwe linaloongea, na wanasema Mkwawa alikuwa akija hapo kutafakari na kusikia habari za maadui. Siku hiyo tulikuta wanafunzi wa chuo wanapiga picha na wachumba. Mtoto aliweka sikio juu ya mwamba akaripoti kwamba unasikika muziki wa bongofleva. Ulikuwa wa simu ya jirani.

Isimila ndiyo ilimpata mtoto. Iko kilomita 20 hivi kutoka mjini, unashika barabara ya Mbeya kisha unaingia kushoto au kulia, sikumbuki, mimi nilikuwa nahangaika na simu. Maana siku hizi vituo vingi havipokei mtu na noti yake: unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu, na ole wako mtandao ukiwa umelala. Kwenye kituo kimoja, ambacho sitakitaja, tulikaa nje dakika 40 tukiwa na pesa mkononi na mlinzi ana huruma usoni, wote tunasubiri ujumbe mfupi. Nimeelewa kwa nini pesa za umma zidhibitiwe. Sijaelewa kwa nini mtu aliyesafiri kilomita 500 awekwe juani kwa sababu ya mnara wa simu.

Hebu tuyaache. Isimila ni korongo kavu. Wakati wa mvua maji hupita na kukwangua udongo, na kila yanapokwangua yanafunua mawe yaliyochongwa na watu. Mwaka 1951 kijana mmoja wa shule, aliyekuwa safarini kutoka kusini mwa Afrika, aliyaona akaokota machache. Mwaka 1957 na 1958 wakaja wataalamu wakiongozwa na F. Clark Howell wakachimba kwa utaratibu. Vipimo vya baadaye vilitoa umri wa miaka 260,000 hivi. Mimi tarakimu kama hizo hunipita masikioni. Nikiambiwa elfu mbili au laki mbili, kwangu zote ni "zamani za kale".

Lakini mtembezaji wetu alikuwa mjanja. Hakuanza na tarakimu. Alimpa mtoto jiwe moja lenye umbo la tone la maji, kubwa kuliko kiganja, akamwambia, "Lishike unavyoona inafaa." Mtoto akaligeuza mara mbili, likakaa. Upande mnene ukaingia kwenye kitanga, kidole gumba kikapata kijishimo chake, ncha ikatazama chini. Hakuna aliyemfundisha. "Sasa na mkono mwingine," akaambiwa. Halikukaa. Lilimchokoza, likateleza. Nikalichukua mimi, na mkono wangu wa kulia ukalijua palepale kama ninavyoujua mpini wa mbuzi ya nazi ya nyumbani. Kuna mtu aliyekaa hapa kando ya maji akaligonga jiwe hili, akalitazama, akaligonga tena pale lilipomkwaruza, mpaka likamkaa vizuri. Hapo zile 260,000 zikapungua zikawa kama juzi.

Palikuwa na ziwa au dimbwi, kumbe, na viboko wa aina iliyokwishatoweka, ambao macho yao yalisimama juu ya kichwa kama darubini ya nyambizi. Mtoto alipenda viboko. Mimi nilipenda nguzo za udongo mwisho wa korongo, ndefu kuliko nyumba za ghorofa, zilizobaki zimesimama baada ya mvua kula kila kitu kilichozizunguka. Baadhi zina jiwe kichwani kama kofia. Pimbi wanakaa juu huko wakitushangaa.

Mawe yale yamelala chini wazi, maelfu. Unaweza kuinama ukaokota. Unaambiwa urudishe ulipolitoa, na watu wengi wanarudisha. Nakitaja hiki kwa sababu ya kilichofuata.

Kalenga ni kijiji cha kawaida kando ya Mto Ruaha Mdogo: mahindi yamekauka shambani, watoto wanafukuza kuku, jengo dogo la makumbusho limekaa katikati bila kiburi. Ndio uliokuwa mji mkuu wa Uhehe. Jina la Iringa lenyewe linatokana na neno lilinga, yaani ngome, na ngome ilikuwa hapa, siyo kule mlimani. Wajerumani walipoibomoa wakaenda kujenga mji wao juu ya kilima, wakalichukua na jina. Tunachokiita Iringa leo ni jina lililohamishwa.

Mkwawa alijenga kuta za mawe zilizozidi kimo cha mtu, zikizunguka eneo kubwa, akijua baada ya Lugalo kwamba watarudi. Walirudi. Oktoba 1894 Wajerumani chini ya Gavana von Schele, akiwemo Tom von Prince, yule aliyeitwa Bwana Sakarani, waliweka mizinga, wakapiga, tarehe 30 wakaingia. Mkwawa hakuwepo. Kwa miaka karibu minne aliwazungusha msituni huku watu wakimlisha na kumficha. Wajerumani wakamtawaza ndugu yake, Mpangile, halafu baada ya wiki chache wakamshuku na kumnyonga. Wakatangaza rupia 5,000 kwa atakayeleta kichwa cha Mkwawa. Tarehe 19 Julai 1898, huko Mlambalasi, alipoona wamemkaribia, akajipiga risasi asije akashikwa. Sajini Meja Merkl alisikia mlio, akafika, akaamuru kichwa kikatwe. Mwili ukazikwa. Kichwa kikaondoka.

Kilichonishangaza zaidi ni karatasi. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, mataifa yaliketi Ufaransa kugawana dunia, na ndani ya Mkataba wa Versailles wa 1919, katikati ya mambo ya mipaka, meli na fidia, mna kifungu cha 246 kinachoiagiza Ujerumani iikabidhi Uingereza fuvu la Sultani Mkwawa ndani ya miezi sita. Siyo mapenzi. Waingereza walitaka kuwafurahisha Wahehe waliowasaidia vitani. Wajerumani wakajibu kwamba hawana habari nalo. Miezi sita ikawa zaidi ya miaka 30. Gavana Edward Twining ndiye aliyelifufua jambo, akaenda mwenyewe kwenye makumbusho ya Bremen, ambako mafuvu yalikuwa kwa mamia kwenye rafu, mengine yameandikwa yametoka Afrika Mashariki. Yakapimwa urefu na upana, vikalinganishwa na vipimo vya watu wa ukoo, likachaguliwa moja lenye tundu la risasi. Tarehe 19 Juni 1954 akalikabidhi hapa Kalenga kwa mjukuu, Chifu Adam Sapi Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge letu kwa miaka mingi. Wapo wanahistoria wanaotilia shaka kama ndilo lenyewe. Mtembezaji alipoulizwa na mgeni mwingine aliyekuwa nasi alijibu bila kukasirika: "Sisi tulilipokea kama lake, tukaliheshimu kama lake."

Liko ndani ya kioo. Ni dogo kuliko nilivyotarajia, lina rangi ya ukindu uliokaa juani. Pembeni kuna silaha na vyombo, ila jicho linarudi pale pale. Nilijikuta nimevuta mtandio kichwani, nisijue hata kwa nini, na mume wangu akavua kofia. Mtoto akasogea mpaka pumzi yake ikaonekana kwenye kioo.

"Na mwili wake?"

"Mlambalasi," akajibiwa.

"Kwa nini hamjaviweka pamoja?"

Mtembezaji alimwangalia, halafu akatuangalia sisi wazazi. "Hilo wazee wenyewe hawajamaliza kuliongea," akasema.

Nilitoka na mawazo mawili yanayogombana, na bado yanagombana. La kwanza ni la baba mkwe. Fuvu lile lilidaiwa lirudi kwa sababu ni la mtu, siyo kitu cha rafu, na lilipofika likawekwa tena rafuni, tofauti ni kwamba rafu hii ni ya kwetu. Mawe ya Isimila tunaambiwa tuyarudishe yalipolala, mfupa wa mtu hatujaurudisha ulipolala. Naliona lina nguvu. Kwetu pwani maiti haikawii hata siku moja.

La pili ni la mama wa mtoto wa darasa la sita. Asingelikuta pale lile swali asingeuliza. Kaburi peke yake angelipita akiwa na simu mkononi, kama alivyoupita mnara wa Lugalo. Na tena, kugombania kabati au kaburi ni anasa. Kule Songea Wangoni mpaka leo wanatafuta kichwa cha Nduna Songea Mbano aliyenyongwa na Wajerumani 1906. Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikwenda Songea Novemba 2023 kuomba msamaha, akaahidi kwamba watajitahidi kutafuta. Wachaga wa Old Moshi wana kilio hicho hicho juu ya Mangi Meli, aliyenyongwa 1900. Hao wangependa sana kuwa na ugomvi wetu wa Kalenga.

Usiku huo Ipogolo, tukiota jiko la mkaa, nilimsimulia baba mkwe yote, mpaka habari za Nyundo na mbwa wake. Hiyo ilimfurahisha, akaniomba niirudie. Nilipofika kwenye kioo akainamisha uso akachokoa mkaa. Nikamwambia kesho tunakwenda Mlambalasi.

"Huko nitakwenda," akasema.

Ni kama kilomita 50, kwa barabara ya kwenda mbugani Ruaha, vumbi jekundu linaingia hata kwenye meno. Alikaa mbele, akimwelekeza mwanawe mashimo kabla hayajaonekana, kama dereva wa lori aliyestaafu asiyekubali kustaafu. Mlambalasi pana miamba mikubwa na pango, na kaburi. Ndani ya pango watafiti wameshachimba na kukuta mifupa ya watu wa mwisho wa zama za barafu, na shanga zilizotengenezwa kwa maganda ya mayai ya mbuni. Mahali pale watu walikuwa wakilazwa maelfu ya miaka kabla ya yeye kufika. Nilimweleza baba mkwe, akasema, "Alichagua pazuri," akaendelea kupanda polepole, mkono mmoja begani kwa mjukuu.

Hakukuwa na mtu mwingine. Upepo tu na njiwa. Baba mkwe alifika mbele ya kaburi, akavua kofia yake ya sufu, akaipachika kwapani. Nilidhani atasali. Badala yake akasalimia, kwa sauti ile ile anayowasalimia jirani zake asubuhi getini.

"Kamwene, Mtwa."

Akanyamaza kama anayesubiri kuitikiwa. Halafu akaanza kuongea Kihehe, polepole, na mimi Kihehe changu ni cha sokoni, nikashika maneno mawili matatu tu, moja likiwa Kalenga. Mume wangu alielewa yote. Nilimuuliza baadaye njiani, akaniambia hilo ni la mzee.

Alipomaliza akamgeukia mtoto, ambaye alikuwa amechuchumaa akichunguza kijiwe, labda kimechongwa, labda hapana. "Wewe umeshasalimia?"

Mtoto akakirudisha kijiwe chini, pale pale, akasimama wima, mikono nyuma kama mbele ya mwalimu. Kihehe hajui.

"Shikamoo," akasema.

Babu yake hakumsahihisha.